Mashua Iliyopanda Kuresoi

Mimi ni mtu wa utaratibu. Walimu wenzangu wananijua hivyo, na wanafunzi wana jina wanaloniita nikishapita ambalo sitaliandika hapa. Nimefundisha Kiswahili Nakuru kwa miaka mingi, na kama kuna methali ambayo nimesahihisha insha zake hadi nikaichukia, ni ile ya asiyesikia la mkuu. Kila mwaka mtoto fulani anapanda mti alioambiwa asiupande, na kila mwaka anavunjika guu kwenye aya ya mwisho. Mimi sikupanda mti. Nilinunua mashua ya tanga kando ya Ziwa Naivasha, nikaivuta hadi Kuresoi, kwenye mashamba ya viazi, ambako maji mengi kuliko yote ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mkuu alikuwa ameniambia nisifanye hivyo.

Mkuu mwenyewe ni baba yangu. Alifanya kazi kwenye klabu moja ya mashua kule Naivasha tangu kabla sijazaliwa. Sisi tulibaki mlimani na mama, tukilima, naye akija mwisho wa mwezi na sukari, mkate na harufu ya rangi ya mbao. Kazi yake ilikuwa kuosha mashua za wenyewe, kuanika matanga yakauke, kusimamisha milingoti, kuzisukuma majini na kuzishikilia zisiyumbe wenyewe wakipanda. Kisha alibaki palepale, maji yakimfika magotini, akiwatazama wakienda. Alasiri upepo ulipokuwa mkali kupita kiasi, yeye ndiye aliyetumwa na boti ya injini kuwafuata waliopinduka. Walimwita boi. Walimwita boi hadi siku alipostaafu, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshampa wajukuu wawili. Siku hiyo walimpigia makofi, wakampa koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake Kuresoi, na kwa miaka mingi sikumwona amelivaa.

Mama akatangulia. Baba akabaki na viazi vyake, kondoo wachache na redio, na ndugu yangu mdogo aliyejenga hapo hapo bomani akawa anamwangalia. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Alikuwa akitoka nyumbani kwenda kwa kondoo, anasimama katikati ya ua kutafuta pumzi, halafu anajifanya anaangalia mawingu. Nilimleta hospitali Nakuru. Daktari alikuwa kijana mpole, wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akaniita pembeni na kuniambia moyo wa mzee umechoka. Dawa zingeusaidia, alisema, ila hazingeufanya uwe mpya, na kama kuna jambo la kifamilia tulilotaka kufanya naye, tusiliweke mbali.

Tulikaa kwenye benchi tukingoja dawa. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka, nikamuuliza baba kama kuna kitu anakitaka. Nilitarajia aseme nyama ya mbuzi, au kwenda Olenguruone kumwona dada yake.

"Sijawahi kushika usukani," akasema.

Nikamuuliza usukani gani. Akaniangalia kama anayeangalia mtoto mzito wa kuelewa.

"Wa boti ya tanga. Hiyo miaka yote, kazi yangu ilikuwa kushikilia. Wakishakaa vizuri, naachilia."

Nilipandwa na hasira pale kwenye benchi, hasira isiyokuwa na mtu wa kumwendea, kwa sababu karibu wote walioshika usukani huo walikuwa wameshakufa au wameshahama. Nikaona njia moja tu ya kuimaliza. Ningemnunulia mashua, na angeushika usukani wake mwenyewe kabla moyo haujasimama.

Ndugu yangu ana pikapu ya kubebea viazi, na hushusha mzigo Naivasha karibu kila wiki. Nilimpa kazi ya kuuliza. Alinicheka sana, akataka kujua kama mshahara wa walimu umeongezwa kimyakimya, lakini aliuliza, na wiki ya tatu akanipigia simu. Kulikuwa na bwana mmoja anayepeleka wageni kuona viboko kwa boti za injini. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashua ndogo ya tanga juu ya trela, aliyoachiwa na mwenyewe alipohama nchi.

Nilishuka Jumamosi iliyofuata. Ziwa lilikuwa limepanda. Siku hizi limekuwa likipanda tu, limemeza mashamba na nyua na vyoo vya watu, na migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini, mikavu na myeupe. Yule bwana alikuwa ameihamisha trela mara tatu akiyakimbia maji, na alikuwa amechoka nayo. Mashua yenyewe ilikuwa na urefu wa kama hatua tano hivi, ya plastiki ngumu ya faiba, nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mzee. Mlingoti wake ulikuwa umelazwa juu yake na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Kuku walikuwa wametaga chini ya kiti cha mbele.

Sikujua hata nianze kuangalia wapi. Nilimpigia baba, nikaweka simu kwenye spika, naye akainunua ile mashua kwa maswali, akiwa amekaa Kuresoi kwenye kigoda chake. Aliniambia nigonge chini kwa kifundo cha kidole, kila mahali, nisikilize: ikilia ngumu ni sawa, ikilia kama boga lililooza niachane nayo. Nikalala chini ya trela na sketi yangu ya kazini, nikagonga. Aliniambia nikanyage pale mlingoti unaposimama nione kama panabonyea. Hapakubonyea. Aliniambia nipitishe kitambaa kwenye nyaya, kikinaswa basi waya umeanza kukatika; leso yangu ilinaswa mara mbili, akasema hizo mbili atazibadilisha yeye. Tanga lilikuwa na ukungu na tundu moja la panya. Tundu la panya hushonwa, akasema. Magurudumu ya trela yalikuwa na nyufa za jua, na hapo akasema ile trela tusiiamini.

Swali lake la mwisho lilinishangaza.

"Angalia nyuma, chini kabisa. Iko na kizibo?"

Kulikuwa na tundu nyuma ya mashua, usawa wa sakafu, la kutolea maji ikiwa nchi kavu. Ndani yake mlikuwa na kizibo cha shaba cha kuzungusha, kinene kama kidole gumba. Nikamwambia kiko. Nilimsikia akishusha pumzi, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ugonjwa au furaha.

Tulipatana bei bila kelele. Akiba niliyoiweka ya kuezeka upya nyumba yangu iliishia hapo, na sikuijutia.

Sasa nifike mahali nilipomkaidi mkuu. Kwetu, ukinunua gari hulianzi hivihivi. Unalipeleka nyumbani kwanza. Mzazi anaketi ndani kabla ya mtu mwingine, mchungaji anaombea injini na magurudumu, watu wanakunywa chai, na ndipo gari linakuwa lako. Asiyefanya hivyo akipata ajali, hakuna anayeshangaa. Pikapu ya ndugu yangu iliombewa, kigari changu kiliombewa, na binamu yetu mmoja aliombewa hata mashine ya kusagia mahindi. Kwa hiyo kichwani mwangu jambo lilikuwa limekwisha. Mashua ingepanda Kuresoi Jumamosi, ingeombewa siku hiyohiyo, na Jumatatu tungeshuka nayo ziwani, baba akiwa amekaa mbele kwenye pikapu na blanketi magotini.

Baba aliposikia alikataa.

"Boti haiombewi shambani," aliniambia kwa simu. "Wacheni hapo kwa maji. Mimi ndio nije."

Nikamweleza kwamba mchungaji ameshaalikwa, majirani wameshajua, na kuku wameshachaguliwa. Nikamweleza kwamba sitampandisha mzazi wangu kwenye kitu ambacho hakijaombewa, tena juu ya maji, tena akiwa mgonjwa. Akasema basi. Baba alikuwa na namna ya kusema basi iliyofunga mlango bila kuubamiza, na nadhani alijifunza hiyo kwa wale waliomwita boi. Nilifurahi kwamba amekubali.

Yule bwana wa boti alipoona tunaifunga trela kuelekea barabara kuu, aliuliza, "Kwani Kuresoi kuna ziwa, madam?" Nikamwambia inakwenda kuombewa. Akaelewa papo hapo, akavua kofia. Alitushauri tu kwamba beringi za trela zimekaa sana bila kufanya kazi, na ingawa amezipaka grisi, tusimame kila baada ya mwendo mfupi tuguse katikati ya magurudumu. Tukikuta ni moto, tungoje papoe.

Tulisimama Gilgil, palikuwa vuguvugu. Tulisimama Nakuru, palikuwa moto, tukangoja na kunywa soda. Njoro watu walitoka madukani kututazama, na mwendesha bodaboda mmoja akatuuliza kama mafuriko yamefika Molo. Ndugu yangu alikuwa akifurahia kila kitu. Mimi nilikuwa nikiangalia saa. Tulipofika Molo mchungaji alikuwa ameshanipigia simu mara mbili, ana mazishi mahali pengine baadaye, na mtu wa utaratibu hawezi kumngojesha mchungaji. Nikamwambia ndugu yangu asisimame tena. Alinitazama, akaendesha.

Tulikuwa tumeacha lami, tunapanda, nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Kisha nikaona kwenye kioo gurudumu letu la kushoto likiteremka peke yake kuelekea Molo. Trela ililalia upande, ikaburuza ekseli kwenye mawe, ikaingia mtaroni na mashua yake.

Watu waliokuwa wakichimba viazi shamba la karibu walikuja. Walifungua kamba, wakaiinua ile mashua mabegani, wanaume kumi na wawili, kama wanaohamisha paa la ghala, wakaipandisha mguu kwa mguu hadi nyumbani. Ilikuwa imekwaruzika tu. Ekseli ndiyo iliyopinda. Mashua ikawekwa uani juu ya magogo mawili, na mimi nikaingia nyuma yao na matope hadi magotini, nimeshika mkoba wangu.

Baba alitoka nje amevaa lile koti la buluu. Lilikuwa limemzidi, mabega yalining'inia, lakini alikuwa amevisugua vifungo vyake. Hakumsalimu mchungaji. Aliizunguka mashua polepole, akigonga na kusikiliza, akifika mahali anasimama kupumua. Alipofika nyuma aliinama, akakizungusha kile kizibo cha shaba mpaka kikatoka, akakifuta kwa kidole na kukitia mfuko wa ndani wa koti.

"Hii inakaa na mtu wa boti," akasema. "Huko tulikuwa tunafanya hivyo. Wakitaka kutoka lazima wanitafute. Bila mimi haitoki."

Ndugu yangu akamuuliza kama anaogopa kondoo wataiba mashua waende nayo Kisumu. Tukacheka sote, baba pia, na kucheka kukamletea kikohozi. Mchungaji aliombea mlingoti na tanga, akapaka mafuta, akamtaja Nuhu, akaitaja dhoruba ya Galilaya. Kisha akamwomba mzee apande aketi, kama ilivyo desturi, awe wa kwanza.

"Nitakaa ikiwa kwa maji," baba akasema, akaenda kutafuta kigoda chake.

Ekseli ya trela ile ilikuwa ya aina ya zamani. Fundi wa Nakuru aliniambia wiki moja. Wiki mbili baadaye aliniambia ameagiza chuma. Kisha mvua zikaanza, barabara ya kwetu ikawa uji, na mimi nikawa na mitihani ya kusimamia. Nilikuwa nikipanda Kuresoi kila Jumamosi ilipowezekana, na kila Jumamosi mashua ilikuwa nzima zaidi naye alikuwa amepungua. Alilishona tundu la panya kwa uzi wa kushonea magunia ya viazi, mshono mdogo mdogo usioonekana. Alibadilisha zile nyaya mbili. Kila ncha ya kamba aliifunga uzi isifumuke. Alifanya kazi akiwa amekaa, na koti lake mwilini, jua liwepo lisiwepo.

Katikati ya hayo ndugu yangu alikuja na wazo. Alisema tumwache fundi na ekseli yake, tumweke mzee kwenye pikapu siku moja kavu, tumshushe Naivasha walau alione ziwa. Huenda yule bwana akamjua mwenye mashua nyingine ya tanga, hata kwa saa moja. Baba alikuwa ameshaweka viatu vyake mlangoni. Mimi nilikataa. Nilisema imebaki wiki moja tu. Nilisema barabara itamchosha mara mbili, na kwamba hatujanunua mashua ili tukaombe ya mtu. Nilisema mambo mengi, na yote yalikuwa na maana. Viatu vilibaki mlangoni nilipoondoka; Jumamosi iliyofuata nikaviona vimerudishwa chini ya kitanda.

Jumamosi ninayotaka kuisema nilifika mapema kuliko kawaida, na watu walikuwa wamejaa kwenye ua wetu wa miti, nje, wakitazama ndani. Wengine walikuwa wameinua simu. Nilifikiri amekufa. Nilisukuma lango nikaingia.

Alikuwa amesimamisha mlingoti, sijui kwa nguvu gani, na alikuwa amepandisha tanga. Upepo wa mvua ulikuwa ukishuka kutoka milima ya Mau, tanga limejaa, jeupe, na mashua nzima ilikuwa ikitetemeka juu ya magogo. Baba alikuwa amekaa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kamba. Alikuwa akiongea. Alikuwa akiongea na mtu aliyekaa mbele, na mbele hapakuwa na mtu.

"Legeza," alikuwa akisema. "Legeza kidogo. Hapo. Sasa vuta."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema mzee amerukwa na akili. Mwingine akacheka, si kwa ubaya. Nami niliona aibu. Niiseme hivyo hivyo ilivyokuwa: niliona aibu juu ya baba yangu, mbele ya watu walionunua viazi kwake, na nilitumia sauti ninayoitumia kwenye gwaride la shule.

"Baba, shuka. Watu wanakuangalia."

Akageuka. Hakuwa amerukwa na akili hata kidogo; macho yake yalikuwa makavu na yalinijua vizuri.

"Kuja ukae hapo mbele," akasema. "Nilikuwa najaribu vile nitakwambia. Siku ile utakuwa wewe unashika hiyo kamba."

Nilimwambia ataanguka, upepo ni mwingi, ashuke. Aliliteremsha tanga, akalikunja vizuri, pindo juu ya pindo, kama alivyowakunjia wenyewe miaka ile. Kisha akashuka, mguu wa kulia kwanza, ameshika ukingo. Nilimpokea kwa kiwiko.

"Asante, madam," akaniambia.

Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa sauti yake ya kazini. Nilitaka kumwambia asiniite hivyo, lakini watu walikuwa bado pale, nikaona nitamwambia ndani. Ndani tulizungumza kuhusu dawa.

Alikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, kwenye kigoda chake karibu na mashua. Ndugu yangu alinipigia nikiwa darasani, tukisoma ufahamu. Nilimaliza swali tulilokuwa tukijibu. Sijui kwa nini naliandika hilo, ila nililimaliza, nikawapa la ziada, ndipo nikatoka nje nikakaa chini kwenye nyasi na nguo zangu za kazi, nikalia mpaka mwalimu mkuu akaja kunichukua. Kilichoniliza si kifo. Kifo tulikuwa tumeambiwa. Kilichoniliza ni kwamba niliyajua maneno yangu ya mwisho kwake kuhusu ile mashua, na hayangebadilika tena.

Mimi ndiye niliyechagua azikwe na koti la buluu. Shangazi alitaka suti, nikasema hapana. Nililikunja mwenyewe kwenye mfuko nikalipeleka mochari. Lilikuwa zito upande mmoja. Mimi ninayekagua mifuko ya wanafunzi kila Jumatatu sikuukagua mfuko wa baba. Nilidhani ni chupa ya dawa, au kile kisu chake, nikasema aende na vitu vyake.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Meza hazikutosha, kwa hiyo kina mama waliweka sufuria za wali ndani ya mashua, wakazifunika kwa turubai, wakapakulia watu kutoka humo. Maji ya mvua yalikuwa yakitoka nyuma ya mashua kwa mstari mwembamba, yakiwalowesha miguu waliokuwa wamepanga foleni. Niliyaona. Nikawaambia watu wasogee kidogo, foleni ikasogea.

Fundi alinipigia wiki iliyofuata. Ekseli ilikuwa tayari, na ilikuwa nzuri.

Tulingoja shule zifungwe. Ndugu yangu hakuiona maana ya safari, na alisema hivyo mara moja tu, kisha akaja na pikapu. Mimi nilikuwa nimejiambia kwamba nitaushika ule usukani kwa niaba yake, hata kwa dakika moja, halafu mashua iuzwe au ioze. Tuliteremka kutoka Kuresoi alfajiri. Ndugu yangu alisimama Molo, akasimama Njoro, akasimama Nakuru, akasimama Gilgil, akishuka kila mara kugusa magurudumu, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mahali pote palikuwa baridi.

Ziwa lilikuwa limepanda zaidi. Yule bwana wa boti alitusaidia kuusimamisha mlingoti, akauliza mzee yuko wapi, tukamwambia. Aliniletea jaketi la kuelea. Kulikuwa na wageni wachache kando, wanaongoja zamu yao ya kwenda kuona viboko. Upepo ulikuwa mdogo, wa asubuhi. Tukaisukuma mashua hadi ikaelea, nikapanda, nikaketi nyuma alipokuwa ameketi, nikaweka mkono kwenye usukani. Ndugu yangu alisimama na maji magotini, akaishikilia isiyumbe.

"Umekaa vizuri?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Akaachilia.

Tulikuwa tumeachana hatua chache tu nilipohisi baridi miguuni. Nilidhani ni maji niliyoingia nayo. Yalipofika kwenye vifundo niliinama kuangalia, na nikayaona yakiingia kwa utulivu, kwa lile tundu la nyuma, kama ya bomba lililofunguliwa nusu. Niliweka kiganja juu yake. Yalipita kati ya vidole.

"Madam, kizibo iko wapi?" yule bwana akauliza kutoka ufukweni.

Hapo ndipo nililipima tena moyoni lile koti tulilomzika nalo, upande ule mzito. Ndugu yangu alikuwa ananitazama, na niliona kwamba naye amejua.

"Iko na mtu wa boti," nikasema.

Ndugu yangu akageuza uso, akaangalia ile migunga iliyokufa. Yule bwana hakuelewa. Alisema si neno, atachonga kijiti, akizungushie karatasi ya nailoni, kitashika hata saa moja. Nikamwambia asichonge. Mashua haikuwa ikienda popote. Nilikuwa nimeushika usukani na hakukuwa na kitu cha kugeuza. Maji yalikuwa yamefika karibu na kiti. Yule bwana aliingia majini na viatu vyake, akaja, akashika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili ili nisianguke. Wageni walikuwa wamesimama sasa, na mmoja alikuwa ameinua simu.

"Shuka, madam," akaniambia polepole.

Nikashuka, mguu wa kulia kwanza, nimeshika ukingo.